Zoezi la Saa Tisa

Watu husema wivu ni wa wake wenza. Wanaosema hivyo hawajapata kuwa na wifi. Mke mwenza unagawana naye mume tu, na mume, tuseme ukweli, hugawanyika. Wifi anakuja kukuchukulia mtu uliyemfuta kamasi, uliyemfundisha kufunga kamba za viatu, na kabla hajamchukua anakuomba umpigie pasi gauni la kumchukulia.

Ndivyo ilivyokuwa kwa Chiriku, wala hapa hapatiwi chumvi. Chiriku ni jina la utani alilopewa utotoni, kwa kuwa mdomo wake haukuwa na breki: asipoongea, anaimba. Alikuwa dobi. Duka lake lilikuwa chumba kimoja kirefu chenye meza mbili za pasi, mashine ya kufulia iliyotembea yenyewe ikifika hatua ya kukamua, na bomba la chuma lililopita juu toka ukuta hadi ukuta, limejaa mashati na makoti ya watu. Nyuma ya makoti hayo mdogo wake alikuwa na kona yake. Aliweka kinanda cha umeme juu ya kreti za sabuni, akawa anatunga nyimbo humo ndani ya mvuke. Wazazi walifariki yeye akiwa bado hajui kusoma, na tangu hapo alikuwa na dada tu, na dada alikuwa na yeye tu. Alitunga, dada akaimba huku pasi inakwenda. "Hapa pananibana," dada alisema. "Panua kidogo." Naye alipanua.

Siku moja akaja mteja, mwimbaji wa harusi, na gauni la kazini lililojikunja. Mdogo mtu akachungulia kati ya makoti. Chiriku alipenda kusimulia watu kwamba mwanamke yule alileta gauni moja akaondoka na mwanamume mmoja. Watu walicheka sana, naye alicheka nao, kwa meno tu.

Kilichomkera zaidi ni kwamba wifi huyo hakuwa na kasoro ya kushika. Hakuwa mchoyo, hakuwa mvivu, alimwamkia kila asubuhi na kumwita wifi yangu kwa sauti ya kutoka moyoni. Mtu mbaya unamsema, majirani wanakuunga mkono, roho inatulia. Mtu mwema utamsengenya kwa nani? Chiriku alijaribu mara mbili kwa muuza mboga wa mlango wa pili, na mara zote mbili muuza mboga akamwambia, "Mwenzangu, mshukuru Mungu."

Basi kituo cha televisheni cha taifa kikatangaza kwamba kwa mara ya kwanza nchi yao itapeleka wimbo kwenye Shindano la Nyimbo la Mataifa. Hakuna asiyelijua shindano hilo; miaka yote walilitazama kama watu wanaochungulia sherehe ya jirani juu ya ukuta. Nchi moja, wimbo mmoja, usizidi dakika tatu, na mwimbaji mkuu aimbe palepale jukwaani bila kanda. Utaratibu wa kufuzu ulielezwa kwenye runinga kila jioni mpaka watoto wakaukariri: unatuma wimbo uliorekodiwa, ukipenya unaitwa studio kujaribiwa mbele ya kamera, wachache wanaobaki wanaimba hewani na watazamaji wanapiga kura, mshindi anakwenda ng'ambo kwenye nusu fainali. Na huko kwenye nusu fainali ni kumi tu wanaopita.

Mdogo wake alikuwa na wimbo ulioitwa "Nibakizie Kivuli." Aliutunga nyuma ya makoti, miezi ya joto, akifuata mwendo wa pasi ya dada yake, kwenda na kurudi, na sehemu ile ya katikati ambapo sauti inapanda juu na kukaa huko aliipata siku Chiriku alipoinua pasi kuitia maji huku bado ameishika noti. Nani basi aliyeurekodi? Chiriku. Ukisikiliza vizuri kanda ile utasikia mashine ikitembea. Wimbo ukapenya, wakaitwa studio, na Chiriku akanunua viatu.

Studio ilikuwa na kamera nne. Waliambiwa waiangalie ile inayowaka taa nyekundu. Chiriku alianza vizuri, kisha akafumba macho kama anavyofumba siku zote wimbo ukimkolea, na alipoyafumbua taa nyekundu ilikuwa imehamia kwingine. Akaitafuta. Hakuiona. Mwisho akachagua kitu chekundu kilichokuwa mbele yake, akakiimbia kwa mapenzi yote mpaka tamati, nacho kilikuwa mtungi wa kuzimia moto. Watu wa studio walijitahidi wasicheke. Wakasema wimbo ni mzuri mno, sauti nzuri, ila televisheni inataka macho. Halafu mmoja wao akamgeukia wifi, aliyekuja tu kushika mkoba, akamuuliza kama naye anaimba.

Mwimbaji wa harusi anajua kuangalia ukumbi mzima mpaka kila mtu akadhani ameangaliwa yeye. Aliimba ubeti mmoja. Ikawa imekwisha.

"Dada, si mimi," mdogo wake alimwambia njiani. "Ni kamera."

"Kamera ndiyo iliyomwoa?"

Siku ya pili mdogo wake alikuja dukani kumwomba awe mmoja wa waitikiaji watatu, maana bila sauti yake pale nyuma wimbo hausimami. Chiriku alikubali kwa sababu mbili. Ya kwanza, hajawahi kumnyima mdogo wake kitu. Ya pili hakumwambia mtu: alitaka awe karibu siku wifi atakapoanguka, aione kwa macho yake.

Wifi hakuanguka. Duru ya taifa aliishinda kwa mbali, watu wakapiga honi mitaani, na picha yake ikabandikwa kwenye kioo cha duka la dobi na mdogo mtu mwenyewe, kwa gundi nzuri. Wateja wakawa wanaingia na kuuliza, "Huyu si wifi yako?" Chiriku aliitikia kwa mdomo, na kila shati lililopita mikononi mwake juma lile lilikoma kwa pasi.

Wakasafiri. Ukumbi wa shindano ulikuwa mkubwa kiasi kwamba nyuma ya jukwaa watu walitembea kwa baiskeli. Kila nchi ilikuwa na chumba chake cha kuvalia chenye bendera mlangoni, meza ya vioo, kochi na birika la umeme. Msafara wao uliongozwa na mama mmoja mrefu kutoka kituo cha televisheni, mwenye simu mbili mkononi na sauti iliyokauka kwa kubishana na watu wa taa. Walimwita Mama Msafara.

Siku moja kabla ya nusu fainali wifi aliamka koo linamkwaruza. Haikuwa homa, daktari wa ukumbi alisema, ni uchovu tu. Anywe maji ya moto na aipumzishe sauti. Wote waliona hilo ni jambo dogo. Siku hiyo kulikuwa na zoezi la mwisho la saa tisa alasiri, mavazi kamili na taa zote, na wao walidhani zoezi ni zoezi. Wifi angeimba nusu sauti, kamera zijue anapita wapi, basi. Sauti yenyewe ingengoja kesho.

Chiriku alikuwa kwenye korido nje ya vyumba, ametumwa chupa ya maji ya moto, alipokutana na Mama Msafara akija mbio.

"Afadhali nimekuona wewe," mama alisema, akihema. "Nimetoka kikaoni sasa hivi. Kumbe majaji hawangoji kesho! Majaji wa nchi zote wanatazama zoezi la leo, kila mtu kwao kwenye runinga, na alama wanazitoa leo hii hii. Nusu ya alama zote, Chiriku. Kesho ni kura za watazamaji tu."

"Leo?"

"Leo saa tisa. Wenzetu wanalijua hilo miaka yote, ni sisi wageni tuliolala. Mwambie wifi yako asibane sauti hata kidogo. Aimbe kama vile ndiyo kesho. Mimi nawahi kupanga zamu za kuimba, na simu wanatunyang'anya mlangoni. Umenisikia?"

"Nimesikia."

"Mwambie sasa hivi." Akaondoka mbio, viatu mkononi.

Tumtendee haki Chiriku: alikuwa na nia ya kusema. Alitembea kwa haraka na chupa yake, na maneno alikuwa nayo mdomoni tayari, amekwisha kuyapanga. Akasukuma mlango.

Wifi alikuwa kwenye kiti, kichwa chini ya taulo, anajifukiza kwa bakuli la maji ya moto. Mdogo wake alikuwa amepiga magoti sakafuni mbele yake, anamfunga kamba za viatu vya jukwaani. Alizifunga kwa fundo maradufu, lile la kupitisha kitanzi mara mbili ili lisifunguke, ambalo Chiriku alimfundisha kwenye ngazi za nyumba yao akiwa na miaka minne na analia.

Wifi akafunua taulo. Uso wake ulikuwa umeloa na kupendeza, maana uso ule ulipendeza hata kwenye mafua. "Wifi yangu, Mungu amekuleta," alisema kwa sauti ya kunong'ona. "Hebu nisaidie. Gauni limejikunja hapa chini kwenye pindo. Hakuna hapa anayejua pasi kama wewe."

Hakuwa na ubaya. Chiriku alijua kwamba hakuwa na ubaya, na kujua huko hakukumsaidia chochote. Waimbaji wa nchi zote walikuwa kwenye vyumba vyao wakipakwa poda, naye alikuwa amevuka mipaka kuja kupiga pasi. Akaweka chupa chini. Akaiwasha ile pasi ndogo ya safarini, akatandika taulo juu ya meza, akaanza na pindo.

"Mama Msafara yuko wapi?" mdogo wake aliuliza, bado anahangaika na kiatu cha pili. "Amesema lolote huko kikaoni?"

Pasi ikaenda, ikarudi. Kitambaa kilikuwa cha hariri na kilinyooka upesi. Maneno yale yote yalikuwa palepale mdomoni.

"Amesema tusichelewe," Chiriku alisema.

"Basi vizuri. Leo aipumzishe sauti, au wewe unaonaje, dada?"

"Apumzike," alisema. "Koo si la kuchezea."

Wifi akamshika mkono na kuubana kwa shukrani, kisha akarudi chini ya taulo, na mumewe akamaliza kiatu, akatoka kumletea mkoba wake. Chiriku alimaliza pindo lote kwa uangalifu, hata upande wa ndani usioonekana. Hajawahi kupiga pasi nzuri kama ile.

Nafasi ya kutubu alipata tena. Walipokuwa wamesimama gizani pembeni ya jukwaa wakingoja wimbo wa nchi nyingine umalizike, wifi alimsogelea sikioni. "Niombee," alinong'ona. Neno moja lingetosha: wanatazama. Chiriku alifumbua kinywa, na wakati huohuo mtu wa jukwaa akaja kumrekebishia wifi nywele begani, akarudi hatua moja nyuma kumtazama, akasema kwa lugha yake jambo ambalo kila mtu duniani angelielewa. Chiriku akafumba kinywa.

Wifi aliimba nusu sauti. Aliimba kama mtu anayemwimbia mtoto asiamke. Mstari wa juu aliushusha chini, mahali pengine aliacha maneno na kuonyesha kwa mkono tu kwamba hapa kesho nitakuwa nimesimama, na mara moja alimcheka mpiga kamera aliyejikwaa kwenye waya. Nyuma yake Chiriku aliimba kwa kila kitu alichopewa na Muumba. Alifumbua macho wimbo mzima. Huko makwao majaji, wenye kalamu zao, waliona mwanamke mvivu mbele na wakasikia kitu kikubwa kikitoka mahali ambapo hawakuonyeshwa.

Na alifurahi, ni lazima isemwe. Alifurahi kwa furaha ya moto, yenye kizunguzungu, kama mtoto aliyevunja sahani ya mwenzake na hakuna aliyeona. Mama Msafara alipotoka kwenye kupanga zamu alimuuliza, "Ilikwendaje?" naye akajibu, "Ilikwenda." Jioni alikula vizuri na akaongeza.

Kesho yake furaha ile ilikuwa imechacha. Alijiambia watazamaji watafidia. Alijiambia huenda majaji wanapenda kuimba kwa chini. Alijiambia, na hili alilirudia sana, kwamba wimbo ni wake tangu mwanzo, na mwenye mali akiiharibu mali yake amemkosea nani? Lakini alipomwona mdogo wake anakunywa chai bila sukari na hajui kwamba haina sukari, kwa wasiwasi, alilazimika kuangalia pembeni.

Ukumbi ulijaa. Taa zikazimwa, zikawaka za rangi ya machungwa, kinanda kikaanza ule mwendo wa kwenda na kurudi. Wifi akaimba.

Chiriku alikuwa ameusikia wimbo ule mara nyingi kuliko jina lake mwenyewe, na alidhani hauna siri kwake. Koo lililopumzishwa lilikuwa limefunguka. Mahali ambapo Chiriku siku zote aliuvuta kwa nguvu, wifi aliuacha uende wenyewe. Mahali ambapo Chiriku alilia, wifi aliomba. Alipofika ule mstari wa juu, alipanda nao taratibu na kukaa huko bila haraka, akiwaangalia watu, na watu walianza kusimama safu baada ya safu. Chiriku mwenyewe nywele za mikono zilimsimama. Alikuwa anaitikia na machozi yanamshuka, na aliona kwa mara ya kwanza kwamba wimbo ule ulizaliwa kwake kweli lakini ulikulia kwa mwingine, na umekua vizuri. Hapo ndipo alipoelewa alichokifanya jana. Kabla ya hapo alikuwa anajua tu.

Kisha waliketishwa kwenye makochi, kila nchi na meza yake, watangazaji wakaanza kutaja zilizopita. Walitaja moja, wakasubiri, wakataja nyingine. Kila jina lilipotajwa kochi moja lililipuka kwa makelele. Majina yakabaki matatu, yakabaki mawili. Kamera ikaja ikamkodolea wifi macho, naye akatabasamu, mkono wake umeshikwa na mumewe kwa nguvu. Likabaki moja. Lilitajwa la nchi nyingine.

Wifi alisimama akawapigia makofi. Mdogo mtu hakusimama. Alikuwa anaangalia sakafu kama mtu aliyedondosha kitu kidogo.

Asubuhi walikuwa kwenye chumba cha chai cha hoteli, watatu tu kwenye meza ya dirishani, mikate inapoa. Walioondolewa huonyeshwa alama zao siku inayofuata, na Mama Msafara alikuja nazo kwenye simu. Hakukaa. Aliiweka simu katikati ya meza.

"Tumekuwa wa kumi na moja," alisema. "Nafasi moja tu. Watazamaji wametuweka wa pili. Wa pili, jamani, nchi ngeni kama sisi! Majaji ndio waliotuua. Kwa majaji sisi ni wa mwisho."

"Wa mwisho?" Mdogo mtu alishika simu kwa mikono miwili. "Walikuwa wanasikiliza nini hao? Watu wote walisimama! Hawakumsikia jana?"

"Jana hawakuwepo. Majaji walitazama zoezi la juzi, lile la saa tisa." Mama Msafara alikunja uso. "Na mimi nimekwenda kuangalia kanda ya zoezi hilo, nikashangaa. Mbona aliimba vile? Si nilimtuma dada yako aje awaambie?"

Mdogo wake aliinua macho na kumtazama Chiriku. Hayakuwa macho ya hasira. Yalikuwa yanangoja tu, kama alivyokuwa akingoja zamani dada amweleze jambo la dunia asilolielewa, na kwa hakika kwamba maelezo yapo. Chiriku alikuwa tayari. Alitaka kusema, hata akavuta pumzi.

"Aliniambia," wifi alisema.

Wote wakamgeukia. Alikuwa anapaka siagi kwenye mkate, polepole, mpaka kwenye kingo.

"Aliniambia nilipokuwa najifukiza, wewe ulipokwenda kuleta mkoba wangu; hakutaka kukutia wasiwasi. Nikaona koo halitaniruhusu siku mbili mfululizo. Nikasema bora kesho. Nilikosea, mume wangu. Nisamehe."

Mdogo mtu akafumba macho. Kisha akaweka mkono juu ya mkono wa mkewe, juu ya kisu na siagi na vyote. "Koo ni lako," alisema. "Ungefanyaje."

Mama Msafara alipumua, akachukua simu yake, akaenda kuuliza habari za basi. Na Chiriku akabaki na pumzi aliyoivuta na asijue aitumie wapi. Mdogo wake alichukuliwa, wimbo ulichukuliwa, na sasa hata kosa lake mwenyewe, kitu pekee ambacho hakuna aliyemsaidia kukitengeneza, limevaliwa na mwingine, na limempendeza.

Alimfuata wifi chumbani. Wifi alikuwa anakunja gauni la hariri ndani ya sanduku, na alikuwa analikunja vibaya, lakini Chiriku hakuthubutu kuligusa.

"Kwa nini?" aliuliza.

"Funga mlango kwanza."

Akafunga.

"Usidhani nimekufichia wewe," wifi alisema. Sauti ile ya kila asubuhi haikuwepo. "Usiku mzima nimejiuliza tuliangukia wapi. Mama yule aliposema 'nilimtuma dada yako', nimeelewa palepale, na ningekuwa na nguvu ningekugeuzia meza. Ila mume wangu ana mtu mmoja tu duniani anayemwamini kwamba hatamdanganya. Na mtu huyo si mimi."

"Wewe ni mkewe."

"Mimi ni mkewe. Unajua ananifundishaje nyimbo zake? 'Hapa dada angeuvuta.' 'Hapo dada angepumua kabla.' Wiki nzima, mwezi mzima, dada, dada, dada. Nimelala nikikuonea wivu kitandani mwangu, wifi. Ulidhani ni wewe tu? Kila anachotunga anakisikia kwa sauti yako. Nimefanya kazi mpaka koo likakwaruza ili siku moja tu, jana, wimbo uwe wangu. Ukawa wangu. Na wewe ulikuwa umekwisha kuuzika tangu juzi." Akafunga sanduku. Zipu ikagoma, akaivuta tena. "Nikimwambia, utatoka moyoni mwake, na hilo shimo sitaweza kuliziba mimi. Ndiyo maana."

Samahani lilikuwa dogo mno, na Chiriku alilisema hivyohivyo.

Mlango ukagongwa, mdogo wake akaingia na mabegi mawili mabegani. Macho yalikuwa mekundu lakini uso umekunjuka, uso aliokuwa nao nyuma ya makoti siku akipata kitu. "Acheni kununa," alisema. "Sikilizeni. Nimekipata sasa hivi kwenye korido, lile gari la shuka la wafanyakazi lina gurudumu bovu, linapiga hivi." Akagonga ukuta kwa vidole, akavumisha sauti: mstari mmoja mfupi, unaoanza chini, unaojikunja, unaopanda bila kutarajiwa. Ulikuwa mzuri. Chiriku aliusikia kooni mwake kabla haujamalizika. Alijua papo hapo pa kupumua.

"Dada, hebu nijaribie," mdogo wake alisema. "Huu ni wako. Mwakani nitawalazimisha, watu wa kamera wapende wasipende."

Alikuwa amelingoja neno hilo tangu siku gauni lile lilipoingia dukani. Aliangalia mdogo wake, aliyesimama pale na mabegi yake na imani yake. Kisha akaangalia upande wa pili. Wifi alikuwa ameketi juu ya sanduku, mikono mapajani, anamtazama. Hakutikisa kichwa wala hakukunja uso. Alikuwa anamtazama tu, kwa macho yale yanayojua kutazama.

"Mpe mkeo," Chiriku alisema.

"Dada?"

"Mpe mkeo. Mimi nitaitikia."

Mdogo mtu akacheka, hakuelewa, akamgeukia mkewe na kumgongea tena ule mwendo ukutani. Wifi akangoja ugongwe mara mbili, kisha akaimba. Aliuanzia chini, akaukunja, na pale unapopanda alipumua kidogo kabla na kuuvuta, palepale hasa ambapo Chiriku angeuvuta. Wivu ulimpanda Chiriku kifuani kwa njia yake ya siku zote, na safari hii hakuwa na mtu wa kumlaumu.